Marehemu Hasemwi

Muongozaji wetu alipogawa karatasi na mie nikapata Esther, wenzangu walinitizama kama mtu aliyepunjwa. Mchezo una watu wanne tu, na Esther ndiye anayeonekana hana kazi. Anaingia, anamlalamikia mumewe, anatoka kwenda kuchukua suti kwa dobi, anarudi, anakaa. Kisha wanaume wawili wanakwaruzana mbele yake mpaka karibu na mwisho, naye anatupia neno hapa na pale. Sikulalamika. Nimezaliwa nyuma ya kaka wawili ambao wakati ule walikuwa hawasemezani, na kukaa kitako baina ya wanaume waliokasirika ni kazi niliyoizoea kabla sijakanyaga jukwaa lolote.

Mchezo wenyewe ni The Price, wa Mmarekani Arthur Miller, ulioonyeshwa kwa mara ya kwanza Broadway, New York, Februari 1968. Baba alikuwa tajiri, akafilisika katika msukosuko wa uchumi wa 1929. Usiku alipomwambia mkewe kuwa mali yote imekwenda, mama alitapika palepale, yumo ndani ya nguo zake za karamu. Mtoto mmoja, Walter, akaendelea na masomo, akawa daktari wa upasuaji mwenye jina na pesa. Mwengine, Victor, naye kichwa chake kizuri kwa sayansi, akaacha chuo akaingia polisi ili amlishe baba yake. Baba akafa. Miaka 16 ikapita ndugu wawili hawa hawaonani. Sasa jumba walimokulia kule Manhattan linabomolewa, samani za wazee zimerundikana chumba cha juu, lazima ziuzwe. Anaitwa mnunuzi, mzee Gregory Solomon, ambaye umri wake unakaribia miaka 90. Wakiwa katikati ya kuhesabiana noti, Walter anatokea mlangoni.

Yote hutokea humo chumbani, jioni moja, bila kuruka hata saa. Hakuna anayechomwa kisu. Ndiyo maana wengi wetu tuliposoma mara ya kwanza tuliona ni mchezo wa maneno matupu, na huku kwetu Unguja watu wamezoea vichekesho. Ukiwaweka saa mbili bila kuwachekesha wataanza kutizama simu zao. Mmoja wetu akauliza kwa nini tuhangaike na Wamarekani wakati tunaye Said Ahmed Mohamed wa Pemba na tamthilia zake. Muongozaji, ambaye ni maalim wa Kiswahili wa skuli ya sekondari na hapendi kubishiwa, alijibu kwamba tamthilia za ukoo kugombana tunazo. Akatutajia Kwenye Ukingo wa Thim ya Ebrahim Hussein, iliyotoka 1988, ambamo mjane na ukoo wa mumewe wanavutana juu ya maiti. Lakini ugomvi ule, alisema, ni wa mila na mahakama. Yeye alikuwa anatafuta ugomvi wa makabati.

Tafsiri aliifanya mwenyewe, kwa Kiswahili cha Unguja, na majina akayaacha yalivyo. Victor akabaki Victor, New York ikabaki New York, dola zikabaki dola. Kuna waliotaka tuuhamishie mchezo hapa moja kwa moja. Mie nilikuwa upande wa maalim. Tungemwita Victor jina la Vuai tukamweka Michenzani, watu wangetumia usiku mzima kutafuta ni Vuai gani anayesemwa. Akiwa Mmarekani, kila mtu yuko huru kumuona ndugu yake mwenyewe.

Vitu ndivyo tulivyovibadilisha, kwa sababu samani za Manhattan hatuna. Tulisomea katika ua wa nyumba moja ya Mji Mkongwe. Nasema tulisomea kwa kuwa halikuwa onyesho la tiketi, tuliwaalika jamaa na majirani baada ya Isha, kahawa na kashata juu yetu. Tukaazima kasha la njumu, kabati la vioo lililokatika mguu, kitanda cha besera kilichofunguliwa vipande vipande, viti ambavyo hakuna hata viwili vinavyofanana. Katika mchezo kuna kinubi cha mama, ubao wake umepasuka, na Solomon anakitaja kuwa ndiyo roho ya biashara yote. Kinubi Unguja utakipata wapi? Tukaweka udi wenye ufa tumboni, mali ya mzee wa taarabu aliyekuwa anacheza Solomon mwenyewe. Kuna na santuri pia. Mchezo unaanza na Victor peke yake akipiga santuri ya zamani ambayo ndani yake watu wanacheka tu, wanacheka mpaka nawe unacheka. Hapo hatukuhitaji kumfafanulia mtu, maana bado wapo wazee hapa waliokulia nyumba zenye sanduku la santuri, zama ambazo Siti binti Saad alikwishakwenda Bombay, 1928, kurikodi. Gramafoni tuliyoipata ilikuwa imekufa, basi kicheko kikatoka kwenye simu tuliyoificha ndani yake.

Na Solomon ndiye aliyetufungulia mlango. Hakuna nyumba ya zamani Mji Mkongwe isiyomjua mtu wa namna hii. Hufika baada ya arobaini, na akiwa na haraka hufika kabla. Hugonga mbao kwa kifundo cha kidole, huguna, husema imeliwa, hataji bei mpaka anywe chai. Baada ya muda unapita mtaa wa Gizenga unalikuta kabati la bibi yako limepakwa rangi ya kung'aa, mtalii anapigwa nalo picha. Solomon wa Miller si mwizi, wala si malaika. Anakula yai lake la kuchemsha, anasimulia maisha yake, anakwepa kutaja bei, na mwisho anatoa dola 1,150 kwa chumba kizima. Hoja yake nimeipenda mpaka leo: samani nzito kama hizi watu hawazitaki tena kwa sababu hazivunjiki, na mtu akishanunua meza isiyovunjika, basi ndio kamaliza, hana tena cha kutamani. Mzee wetu wa taarabu aliusema mstari ule kama anakupa pole ya msiba.

Mazoezi yalikwenda vizuri mpaka tulipofika kwenye pesa za baba.

Katikati ya ugomvi inatoka siri. Miaka yote ile ambayo Victor alikuwa akimlisha baba kwa mshahara wa askari, baba alikuwa na karibu dola 4,000 zake mwenyewe. Walter alijua, kwa sababu baba alimtaka amzungushie zile pesa. Na si hilo tu. Victor alipokuwa kijana alimuomba kaka yake dola 500 amalizie masomo, Walter akamnyima, akamwambia amuulize baba. Victor akamuuliza baba. Baba akacheka. Hakusema hana wala hakusema anazo, alicheka tu. Victor akatoka nje, akaenda Bryant Park, akawaona watu waliokuwa na vyeo na nyumba jana yake tu wamelala kwenye majani kama mizigo. Akarudi, akaendelea kumlisha baba.

Mwenzetu aliyecheza Walter ni fundi wa simu wa Darajani, kijana mwepesi kuliko sote kushika maneno. Akifika kwenye mstari wa kusema kwamba baba alikuwa nazo, anakwama. Mara anaupunguza sauti. Mara anachomeka "labda". Mara anasema amesahau. Maalim akamkaripia siku nyingi, mwisho akamuuliza una nini, yakhe? Akajibu kwamba baba yake mwenyewe yuko hai, alhamdulillahi, lakini ulimi wake unakataa kumsema mzee aliyekwisha fariki, hata kama ni mzee wa kwenye karatasi. Marehemu hasemwi. Hutajwa kwa mema yake, akaombewa, basi.

Tulicheka, kisha tukanyamaza, kwa sababu kila mmoja alijua kwamba na yeye angekwama palepale. Ndipo akaomba ruhusa: je, anaweza kuongeza "Mungu amrehemu" kila akimtaja baba? Maalim hakutaka kuchezea maneno ya Miller. Akakubali kwa kujaribu tu. Wallahi, tangu hapo tukio lile likawa kitu chengine. "Baba, Mungu amrehemu, alikuwa na dola elfu nne." "Baba, Mungu amrehemu, alijua kama unalala na njaa." Kila dua ikawa inamchimbia mzee kaburi jengine. Na Victor naye, bila kuambiwa na mtu, akaanza kuitikia "amin", meno yamekazana. Sijui Miller angesema nini. Mie nadhani angekaa mbele.

Hapo ndipo nilipoanza kuona mchezo huu unavyokaa tofauti kwetu. Walioandika juu yake huko ulikotoka huuliza zaidi kama Victor alijitoa mhanga kweli au alikimbia maisha yake kwa kisingizio cha baba, kama alikuwa muungwana au mjinga. Kwa watu wetu swali hilo ni jepesi mno. Mtoto aliyebaki na mzazi kachuma radhi, na mwenye radhi haitwi mjinga hata akifa masikini. Walter anapomwambia mdogo wake kwamba hakukuwa na haja ya kujitesa, ua mzima uliguna, na haukuguna upande wa Walter. Penye moto kwetu ni pengine: kwamba mzazi anaweza kukaa juu ya pesa zake akamwacha mwanawe akatafuna ujana wake, na kwamba mwana huyo hana wa kumshitakia. Baba hayupo. Na angekuwepo asingesemwa. Basi hasira yote ile inatafuta mlango wa kutokea, na mlango ulio karibu ni ndugu.

Nilimwambia maalim hivyo tukiwa tunakunja majamvi. Akanambia Miller aliwaachia waigizaji maelekezo kwamba huruma ya mtazamaji iwekwe sawa baina ya ndugu wawili, asionekane mmoja shetani. Ili kutufundisha hilo, siku nyingine za mazoezi alikuwa akiwabadilisha: fundi wa simu anakuwa Victor, mwalimu wa hesabu aliyekuwa Victor anakuwa Walter. Zoezi hili nawashauri wote wenye kikundi. Yule mwalimu, ambaye jana yake alikuwa akilia machozi ya kweli kwa kuonewa, alipopewa koti la daktari alipata hoja za daktari papo hapo, tena alizisema kwa uchungu uleule. Alikuwa na haki zote. Kila mtu ana haki zote akishavaa nguo za mtu huyo. Nilimuonea gere kidogo. Esther hakuwa na wa kubadilishana naye.

Watu humsema vibaya Esther. Anakunywa, anataka pesa, anaona haya kwenda sinema na mume aliyevaa sare za polisi, ndiyo maana anaikimbilia ile suti kwa dobi. Mie simuoni hivyo. Mwanamke huyu ameishi miaka na miaka ndani ya hadithi ambayo si yake: sisi masikini kwa sababu kaka yako alikataa kusaidia, alituma dola tano kwa mwezi akajiona kamaliza. Ameilisha hadithi hiyo, ameilaza, ameiamsha. Sasa anasikia mbele ya mnunuzi wa samani kwamba mumewe alikuwa anajua, au alikuwa anajua nusu na nusu yake nyengine akaifunika. Ningekuwa yeye ningeuliza: na mie nilikuwa nanyimwa maisha kwa ajili ya nini? Anauliza, tena. Nilikuwa nikifika hapo nikiona mikono yangu inatetemeka, na si kwa uigizaji.

Nyumba yetu iko Mkunazini. Kaka mkubwa alibaki. Alifanya kazi bandarini, na baba alipopata kiharusi yeye ndiye aliyekuwa akimgeuza, akimkogesha, akimlisha uji kwa kijiko, mpaka alipokwenda. Kaka mdogo yuko Muscat tangu ujana wake, na kila mwezi alikuwa akituma riali, si haba. Dawa zote zilitoka huko. Ukiwasikiliza mmoja mmoja utalia. Mkubwa anasema pesa hazimgeuzi mgonjwa kitandani. Mdogo anasema mgonjwa hageuki bila dawa, na dawa ni pesa. Zilipita baina yao hitma, harusi na Idi, hawakupeana salamu ila zile za mbele za watu.

Lakini kilichowatenganisha hasa ni kiwanja cha Fuoni. Baba alikiuza akiwa bado anaweza kushika kalamu, na pesa zake hazikuonekana. Mdogo anaamini mkubwa amezila. Mkubwa anaamini mdogo alizipeleka kwenye biashara yake kule, kwa ujanja wa simu na baba. Kila mmoja ana ushahidi wake, nimeusikia wote mpaka naweza kuughani. Kitu kimoja miaka yote ile sikuwahi kukisikia kutoka kwa yeyote kati yao, wala kwa mama, wala kwa ami zetu: kwamba pengine baba mwenyewe, Mungu amrehemu, alizitumia anavyojua yeye. Labda alikuwa na deni. Labda alikuwa na mtu anayemsaidia tusiyemjua. Labda alizitupa tu, ni zake. Nimeandika sentensi hizi tatu na bado najihisi kama nimevunja kitu.

Ndiyo maana nasema ulimi wa fundi wa simu ulitufundisha zaidi ya kitabu. Kaka zangu si watu wa tamaa. Kuamini kwamba ndugu yako ni mwizi kunauma, lakini kunakuachia baba yako mzima. Wote wawili wamechagua kumhifadhi baba, na malipo yake ni kupotezana wao.

Wahenga wametuachia usemi kwamba ndugu wakigombana shika jembe ukalime, wakipatana shika kapu ukavune. Nimeufuata miaka mingi. Usijitie kati, watapatana wenyewe, utaonekana mbaya. Ushauri huo ni mzuri kwa mtu wa nje mwenye shamba lake. Dada hana pa kwenda kulima. Kazi yangu ilikuwa kupeleka maneno. "Mwambie kakaako mvua imeingia chumba cha mama." "Mwambie kakaako atume picha, nisije nikadanganywa." Nayapokea yakiwa makali, nayapeleka yakiwa yamelainishwa, nilikuwa hodari kwa hilo, na kwa uhodari wangu ndugu wale hawakuwahi hata siku moja kusikia hasira halisi ya mwenzake. Esther anafanya vivyo hivyo. Anamtetea Walter kwa Victor, anamtetea Victor kwa Walter, na chumba kinazidi kuwa kidogo.

Wakati huo nyumba inavuja. Wenzetu wa Manhattan jumba lao linabomolewa kwa amri, siku inajulikana, hawana budi kukutana. Mji Mkongwe umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2000, huwezi kuamka ukabomoa. Nyumba zetu hazibomolewi, huanguka zenyewe taratibu, warithi wakisubiriana. Jumba la Beit al-Ajaib, la mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020 na dunia nzima ikajua. Nyumba ya mtu wa kawaida huanza kwa chokaa kudondoka kwenye sufuria, kisha boriti moja inalegea, kisha chumba kinafungwa na kuitwa stoo. Hakuna muongozaji wa kuwaingiza ndugu jukwaani kwa wakati mmoja.

Usiku wa kusoma ulipofika kaka mkubwa alikuja. Sikumwalika kwa makusudi yoyote. Alimleta mama, ambaye miguu haimchukui. Alikaa nyuma, karibu na mlango, kofia mapajani.

Watazamaji wetu si watu wa kukaa kimya, na hilo nalipenda. Ndugu walipoanza kugawana nusu kwa nusu, mzee mmoja wa mtaani akauliza kwa sauti mama yao yuko wapi. Akajibiwa amekufa. Dada hawana? Hawana. "Basi hesabu nyepesi hiyo," akasema, "wanagombania nini?" Ua mzima ukacheka, na mie nikiwa nimekaa na mkoba wa Esther mapajani nikapiga hesabu yetu bila kutaka. Mama yu hai, basi thumni yake, yaani moja ya nane. Inayobaki, wanaume wawili na mwanamke mmoja. Ukigawa mafungu 40, mama 5, kaka zangu 14 kila mmoja, mie 7. Hesabu hiyo kadhi anaimaliza kabla kahawa haijapoa. Ya kwetu ni nyepesi vilevile.

Walter alipofika kwenye zile dola 4,000 hakucheka mtu. Bibi mmoja alisema "astaghfirullah", polepole lakini tukamsikia mpaka mbele. Baadhi ya watu walitizama chini, kama mtu aliyefungua mlango akakuta jambo lisilomhusu. Sikumtizama kaka yangu. Nilikuwa nimejizuia tangu mwanzo, na nadhani nisingejizuia ningesahau maneno yangu.

Miller hawapatanishi. Walter anatoka kwa hasira. Victor na Esther wanaondoka na pesa zao kidogo. Anabaki Solomon peke yake na marundo yale, anaipiga tena santuri ya kicheko, naye anaanza kucheka, anacheka mpaka machozi. Mzee wetu wa taarabu alicheka kwa muda mrefu kuliko tulivyozoea kwenye mazoezi, na wapo waliocheka naye, na wapo waliokuwa wanaulizana kama ndiyo imekwisha. Bibi wa "astaghfirullah" alitwambia waziwazi kuwa hakupenda. Mchezo gani hauna suluhu, hata mtu wa kuwapa mawaidha hakuna? Maalim akamwambia mtu huyo ni yeye. Hakuridhika.

Nikimsaidia mama kushuka ngazi, nilimuuliza kaka ameonaje. Akafikiri mpaka tulipofika barabarani. Akasema yule mzee mwizi. Kabati la vioo lile, hata kwa mguu mmoja uliokatika, halifai kuuzwa na chumba kizima kwa bei ile. Mbao ni msaji, amelishika kwa mkono wake wakati wa kahawa, na bawaba ni za zamani. Nikasubiri mengine. Hakuna. Aliongea habari za kabati mpaka mlangoni kwetu.

Kesho yake kaka mdogo akapiga kutoka Muscat. Mtu keshampelekea kipande cha video, Unguja hakuna siri. Aliniuliza ni nani yule aliyekuwa anasema Mungu amrehemu kila saa. Nikamwambia fundi wa simu. Akasema anacheza vizuri. Kisha, kama kawaida yake, akaanza: "Mwambie kakaako..."

Nikamwambia mwambie mwenyewe, kaka. Nambari yake ni ileile, haijabadilika tangu baba yuko hai. Alidhani natania. Nilipokataa mara ya pili alikasirika, akasema nimechukua upande. Jioni mkubwa naye akaja na lake la paa, nikampa jibu lilelile, naye akasema nimechukua upande. Mama alinuna kwa kuniona namjibu kaka mkubwa. Huo si uungwana, na kweli si uungwana. Niliwaomba radhi kwa sauti yangu, si kwa neno langu. Ukimya ulikaa, nyumba ikavuja, mie nikapanga sufuria.

Walianza kupigiana simu mvua za masika zilipokileta chini kipande cha dari ya ukumbi. Nisiseme wamepatana. Wanagombana. Wanagombana kwa simu usiku, spika imefunguliwa, mtaa wote unawasikia, maneno ambayo mie ningeyalainisha yanapita mazima mazima mpaka Muscat na kurudi. Kiwanja cha Fuoni kimetajwa, kwa matusi. Baba bado hajatajwa, ila juzi mkubwa alisema "au mzee mwenyewe", akakata simu, kisha akapiga tena na kuzungumzia saruji. Sasa hivi wamekwama kwenye boriti za ukumbi: mdogo anataka za chuma, anasema atalipa yeye, mkubwa anasema nyumba ya mawe na chokaa haipendi chuma, kitashika kutu na kupasua ukuta, iwe mikoko kama alivyojenga babu. Hapo mie nipo na mkubwa, lakini hakuna aliyeniuliza.